Kikomo cha uvuvi wa jodari: je, mgeni wa bahari kuu ana fungu lake?

Mdadisi wa Ngara anauliza:

Waungwana, nawasalimu nyote.

Chama chetu cha ushirika hapa Nairobi kimeletewa pendekezo la kununua hisa katika meli ya uvuvi wa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, itakayofanya kazi kutoka Mombasa na kuvua jodari katika maji ya Kenya na nje yake. Walioleta pendekezo wanasema kwamba Kenya ina eneo la kiuchumi la bahari linalofika maili 200 kutoka pwani, kwamba jodari hupita humo kila mwaka, na kwamba wanaonufaika mpaka sasa ni wenye meli za mbali. Hayo sina ubishi nayo. Lakini nilipoanza kusoma nilikutana na habari mbili ambazo nimeshindwa kuzipatanisha. Ya kwanza ni kwamba Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, huweka vikomo vya uvuvi kwa tani, tena tani zenyewe hutajwa mpaka tarakimu ya mwisho; kwa mfano, kikomo cha jodari wa macho makubwa kwa miaka ya 2024 na 2025 kilikuwa tani 80,583. Ya pili ni kwamba baadhi ya vikomo hivyo, hasa kile cha sehewa, ambaye ni jodari mdogo, vimepitwa waziwazi na hakuna aliyeulizwa.

Ningependa kujua kikomo cha namna hiyo hupatikanaje na kinastahili kuaminiwa kiasi gani. Pili, na hili ndilo litakaloniuma mbele ya wanachama, nataka kujua Kenya, ambayo meli zake ni chache, ina fungu gani ndani ya kikomo hicho, na iwapo meli tutakayoichangia itakuwa bado na ruhusa ya kuvua miaka kumi ijayo. Naomba majibu ya watu waliokaribia mambo haya. Hotuba za uchumi wa samawati tumezisikia za kutosha.

---

Bi. Mizani, South C:

Ndugu Mdadisi, nilifanya kazi ya takwimu za uvuvi kule Pwani kabla ya kuhamia huku bara, kwa hiyo swali lako la kwanza nitalijibu kwa kirefu, na la pili nitawaachia wanasheria.

Hakuna anayehesabu samaki walio baharini. Wanaohesabiwa ni wale waliokwisha kutolewa majini, na kutokana na hao wataalamu hukadiria waliobaki na uwezo wao wa kuzaliana. Hukusanywa tani zilizoshushwa katika kila nchi, urefu wa samaki mmojammoja kuanzia ncha ya mdomo mpaka kwenye panda ya mkia, na idadi ya samaki walionaswa kwa kila ndoana elfu moja zilizotoswa. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachobeba hesabu nzima, kwa sababu samaki wakipungua ndoana zilezile huleta wachache zaidi. Ndicho pia chenye hila, maana nahodha aliyepata vifaa vipya anaweza kuendelea kuleta samaki wengi kutoka katika bahari iliyokwisha kupungukiwa, na mtakwimu asiyeliondoa hilo katika hesabu yake atadhani mambo ni shwari. Zaidi ya hayo kuna alama. Kati ya mwaka 2005 na 2007, samaki wa jamii ya jodari zaidi ya 160,000 walivuliwa, wakachomekwa uzi wa plastiki mgongoni na kurudishwa majini wakiwa hai, wengi wao karibu na pwani ya Tanzania. Walipokuja kunaswa tena mamia ya maili kutoka hapo, ilijulikana wanakua kwa kasi gani na wanasafiri vipi, na dhana kwamba kuna jodari wa Kenya na jodari wa Shelisheli ikakosa mashiko.

Uzito wa tatizo la takwimu hauonekani mpaka umeshika samaki mwenyewe. Jodari mchanga wa mapezi ya manjano na jodari mchanga wa macho makubwa, wakiwa na kilo mbili au tatu, hufanana kiasi cha kumfanya hata mvuvi mzoefu asite. Namna ya uhakika ni kupasua tumbo na kutazama ini: la yule wa macho makubwa lina michirizi juu yake, ilhali la mwenzake ni laini na pande lake la kulia limerefuka kuliko mengine. Sasa chukua meli ya nyavu za kuzungushia inayoingia bandarini na tani mia kadhaa za samaki waliogandishwa pamoja na kuwa mawe, umwambie mkaguzi atenge aina kwa aina. Atachukua sampuli, atakadiria, na makadirio hayo ndiyo yatakayokwenda Victoria. Kwenye vituo vyetu vya kushukia samaki mambo ni mepesi zaidi kwa kuwa samaki ni wachache, lakini nimeona madaftari ambamo jodari, sehewa na nguru wamewekwa katika safu moja kwa sababu mchuuzi alikuwa na haraka na jua lilikuwa linazama.

Baada ya takwimu huja kanuni. Zamani wajumbe walipewa ripoti ya wanasayansi, wakakaa kitako na kubishana juu ya tani. Mwaka 2016 Tume ilikubali kwamba kwa sehewa, yule mdogo mwenye mistari tumboni anayejaza mikebe mingi madukani, kanuni ndiyo itakayotoa jibu. Lengo ni kwamba uzito wa samaki wanaozaa ubaki karibu na asilimia 40 ya vile ambavyo ungekuwa kama hakuna mtu angewahi kuvua. Ukiwa juu ya hapo, nguvu ya uvuvi huruhusiwa kamili. Ukishuka chini yake, nguvu hiyo hupunguzwa kwa uwiano. Ukifika asilimia 10, uvuvi wa biashara unasimama. Chini ya kanuni hiyo ya 2016 kikomo hakikuruhusiwa kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mara moja, ili wenye viwanda wasiamke siku moja wakakuta kazi imekwisha. Kwa kanuni hiyo kikomo cha kwanza, cha miaka ya 2018 hadi 2020, kilikuwa tani 470,029 kwa mwaka. Kilichofuata kilikuwa 513,572. Na cha 2024 hadi 2026 ni 628,606. Tarakimu ya mwisho iliyokushangaza haimaanishi kwamba kuna mtu anayejua mpaka tani moja. Ni jibu la hesabu lililoachwa kama lilivyotoka, na kwa maoni yangu ni vyema lilivyoachwa, kwani ukianza kulizungusha kila mjumbe atataka lizungushwe kuelekea kwake.

Kuhusu kuaminika, nitakupa mfano mmoja unaotuumiza kichwa. Tathmini ya mwaka 2015 ilisema jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata Tume iliagiza uvuvi wake upunguzwe kwa kulinganisha na mwaka 2014: asilimia 15 kwa meli za nyavu za kuzungushia, asilimia 10 kwa majarife (nyavu za kunasia) na kwa mishipi mirefu, asilimia 5 kwa njia nyingine. Agizo lilizihusu nchi zilizozidisha tani 5,000 kwa aina hiyo ya uvuvi. Zisizofika hapo hazikuguswa, na baadhi yake ziliongeza. Jumla haikushuka, ilizidi ile ya 2014. Hata hivyo, tathmini ya mwaka 2024, iliyotumia takwimu zilizosahihishwa na hesabu zilizojengwa upya, ikasema samaki huyo hayuko tena katika hali mbaya. Wapo waliosherehekea. Mimi nasoma hapo kwamba makadirio yetu ni mapana kuliko tunavyoyatangaza, na kwamba kikomo kinapaswa kuwekwa na mtu anayejua kwamba tathmini ijayo inaweza kugeuka upande wa pili.

---

Wakili wa Upper Hill:

Namshukuru Bi. Mizani. Niendelee alipoachia, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauko katika sayansi.

Kikomo cha sehewa cha mwaka 2018 kilikuwa tani 470,029, na katika mwaka huohuo wa kwanza zilivuliwa takribani tani 600,000. Ndugu Mdadisi anasema hakuna aliyeulizwa, na ni kweli, lakini ajiulize ni nani angeulizwa. Tume iliweka jumla bila kuigawa. Hakuna nchi hata moja iliyoandikiwa kwamba fungu lako ni hili, kwa hiyo hakuna nchi hata moja iliyokiuka fungu lake. Lilikuwa sinia moja la pilau mezani na kila aliyekula alisema yeye amechukua matonge machache tu.

Kugawa ndiko kulikokwama. Mazungumzo ya kutafuta vigezo vya mgao yamekwenda zaidi ya miaka kumi. Upande mmoja wapo wenye meli za mbali, Umoja wa Ulaya ukiwa mkubwa wao, wanaotaka historia ya uvuvi ipewe uzito: aliyevua zaidi miaka iliyopita apate zaidi. Upande wa pili zipo nchi za pwani, na hoja yao ambayo mimi naiona nzito ni kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilitengenezwa ndani ya maji yao wenyewe, kwa leseni walizouza wakati hawana meli. Samaki aliyevuliwa ndani ya maili 200 za nchi fulani na meli yenye bendera ya nchi nyingine, historia yake ni ya nani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi za pwani haki juu ya rasilimali zilizo katika maeneo yao ya kiuchumi, na papo hapo unazitaka zishirikiane na wavuvi wengine kuhusu samaki wanaohama mbali, jodari wakiwa miongoni mwao. Kila upande hunukuu kipande kinachoufaa.

Kenya ni mwanachama tangu 2004 na historia yake ya uvuvi wa bahari kuu ni fupi mno. Mgao ukifuata historia tupu, meli ya kina Mdadisi itaingia katika chumba ambacho viti vyote vimekwisha kukaliwa. Mgao ukitambua haki ya pwani, mahitaji ya maendeleo na wavuvi wadogo, nafasi ipo. Kwa jodari wa macho makubwa hatua imepigwa: ule mwaka 2023 nchi zenye uvuvi mkubwa zilitajiwa tani zao. Mwekezaji mwenye akili angefuatilia hilo kabla ya kufuatilia bei ya injini.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa nje hawaufahamu. Maazimio ya Tume hupitishwa kwa theluthi mbili ya wajumbe wanaopiga kura, lakini mwanachama akiwasilisha pingamizi ndani ya siku 120 halimfungi, na wanaopinga wakizidi theluthi moja ya wanachama wote, waliobaki nao hawalazimiki. Tuliuona mlango huo ukifunguliwa baada ya kikao cha Mombasa cha Februari 2023, kilichoitishwa kuhusu vyelezo vya kuvutia samaki. Kenya yenyewe ndiyo iliyokuwa imeandaa pendekezo la awali, ikaliondoa kabla ya kikao; Indonesia na wenzake wakasonga mbele na lao, likapita kwa kura, na baadaye Umoja wa Ulaya na wanachama wengine kadhaa wakaweka pingamizi. Kwa nini Kenya iliondoa pendekezo lake ni swali ambalo bunge lingepaswa kuliuliza kwa sauti zaidi kuliko lilivyoulizwa.

---

Kombo wa Eastleigh:

Mwanasheria amevitaja vyelezo akapita, nami nisingependa vipitwe, maana hapo ndipo tani inapoacha kuwa tani.

Kwetu Lamu tangu zamani wavuvi walijua kwamba gogo linaloelea hukusanya samaki chini yake. Kinachofanywa na meli kubwa ni gogo hilo likiwa la kutengenezwa, lenye boya la setilaiti na kifaa cha kupima kwa mwangwi wingi wa samaki walio chini, ili nahodha aliye mamia ya maili apate habari kwenye kioo chake na aende moja kwa moja. Meli moja iliruhusiwa kuwa na vyelezo 300 vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Azimio la Bangkok la mwaka 2024 linavishusha hadi 250 kuanzia 2026 na 225 kuanzia 2028.

Sehewa wanaonaswa hapo wamekwisha kukomaa au wanakaribia, kwani huyo hukomaa mapema na kuzaa kwa wingi. Lakini chini ya chelezo kilekile wamo watoto wa jodari wa mapezi ya manjano na wa macho makubwa, na hao hawakomai mpaka wafike urefu wa karibu mita moja. Tani moja ya watoto ni mamia ya samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Tani moja ya wakubwa walionaswa kwa mshipi ni samaki wachache ambao wengi wao wamekwisha kuzaa. Katika kitabu cha kikomo zote zinaandikwa tani moja. Wanasayansi wanalijua hili na hesabu zao zinalizingatia kwa umri wa samaki, ila mgao unaojadiliwa na wakubwa ni wa tani, na mimi sijaona vipi mvuvi wa mshipi atakavyofidiwa kwa kuacha watoto wakue ili wakavuliwe na mwingine.

Jambo la pili. Tofauti na bahari nyingine, katika Bahari ya Hindi sehemu kubwa ya samaki wa jamii ya jodari, ya nusu hivi, huvuliwa na vyombo vidogo na vya kati: majarife ya Iran na Pakistan, mashua za Sri Lanka na Omani, wavuvi wa fimbo na ndoana wa Maldivi. Kwa hiyo anayedhani kwamba ukizibana meli za Wazungu umemaliza kazi amekosea hesabu. Wakati huohuo, ukimletea kikomo mvuvi wa Kiunga ambaye wakati wa kusi hata kutoka hatoki kwa sababu ya mawimbi, umembana aliyekwisha kubanwa na upepo.

---

Mhasibu wa Kilimani:

Naongeza mifano miwili ya kwingine, kwa faida ya Ndugu Mdadisi, kwa sababu wanachama wa ushirika huelewa fedha upesi kuliko wanavyoelewa ini la samaki.

Mfano wa kwanza ni jodari mwekundu wa Atlantiki ya mashariki na Mediterania. Kwa mwaka 2007 tume ya huko iliruhusu tani 29,500 ilhali wanasayansi wake walishauri 15,000 au chini ya hapo, nao walikadiria kwamba zilizovuliwa kwa kweli mwaka huo zilikaribia 61,000. Mwaka 2010 Monako ilipendekeza biashara ya kimataifa ya samaki huyo ipigwe marufuku, pendekezo likaanguka Doha, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia. Kikomo cha mwaka huo kilikuwa kimeshushwa hadi tani 13,500, msimu umefupishwa, na kila samaki alitakiwa kuwa na hati kuanzia melini mpaka sokoni. Samaki walirudi. Kwa miaka ya 2023 hadi 2025 kikomo kilikuwa tani 40,570, mara tatu ya kile cha shida. Aliyeshikilia mgao wake wakati wa dhiki alinufaika. Aliyeuza meli na mgao kwa hasira aliishia kutazama.

Mfano wa pili ni wa Pasifiki ya magharibi, na ndio unaonivutia zaidi. Visiwa nane pamoja na Tokelau viliacha kuuza leseni kimojakimoja na badala yake vikaanza kuuza siku za kuvua. Jumla ya siku huwekwa kwa mwaka, kila nchi hupata siku zake, na mwenye meli ya nyavu za kuzungushia akitaka kuvua katika maji yao hununua siku kwa bei isiyopungua dola 8,000 za Marekani. Mapato yao ya mwaka, yaliyokuwa kiasi cha dola milioni 60 mwaka 2010, yalifika karibu milioni 500 katika miaka michache. Visiwa hivyo havikuwa na meli nyingi kuliko Kenya. Vilikuwa na maji yenye samaki na vilikataa kugombanishwa kimoja baada ya kingine. Nionavyo mimi, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Somalia, Shelisheli, Komoro na Madagaska zingepata zaidi kwa mpango wa namna hiyo kuliko kwa kila moja kutafuta meli yake moja na nusu, ingawa nakubali kwamba visiwa vya Pasifiki vinamiliki sehemu kubwa sana ya eneo la uvuvi na sisi huku bahari huru ni pana zaidi.

---

Mdadisi wa Ngara:

Nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Kwa kifupi naona kwamba tani za kikomo zinaweza kuwa sahihi na bado meli yetu ikakosa fungu, na pia kwamba inaweza kuwa na fungu leo likaondolewa kesho mgao ukiamuliwa vingine. Swali langu la mwisho ni la vitendo. Wiki ijayo tunakutana na wenye pendekezo katika ofisi yetu mtaani. Bi. Mizani, na wewe Wakili, mngekuwa mmekaa mahali pangu mngewauliza nini?

---

Wakili wa Upper Hill:

Ningeanza na karatasi. Meli ina nambari ya kudumu ya kimataifa ambayo haibadiliki hata ikibadilishwa jina, rangi na bendera. Iombe, kisha itafute katika orodha ya meli zilizoidhinishwa na Tume na katika orodha ya zile zilizowahi kupatikana zikivua kwa magendo. Meli kuukuu zinazotafuta bendera mpya mara nyingi zina sababu ya kuitafuta. Baada ya hapo uliza kama meli hiyo imo katika mpango wa kukuza meli ambao Kenya imeuwasilisha kwa Tume, maana Tume inadhibiti pia idadi na ukubwa wa meli, na nchi za pwani zinazotaka kuongeza zinatakiwa kuonyesha mpango. Kama haimo, leseni wanayokuahidi inaweza kutolewa hapa Nairobi na bado ikakutia matatani nje ya maili 200.

Hoja nyingine iandikwe ndani ya mkataba wa hisa: samaki watakaovuliwa wahesabiwe kuwa historia ya Kenya, si ya mbia wa nje aliyeleta meli. Usikubali ahadi ya mdomo. Siku mgao utakapoamuliwa, historia hiyo ndiyo mali, na inaweza kuwa na thamani kuliko chuma chenyewe.

---

Bi. Mizani, South C:

Mimi ningeuliza wanavua nani na wanamuuzia nani. Mishipi mirefu hutoswa kwa kina kirefu mchana ikiwa inamlenga jodari wa macho makubwa, na soko lake lenye bei ni la Japani, ambako nyama huliwa mbichi. Soko hilo linataka samaki agandishwe mpaka nyuzi 60 chini ya sifuri. Wakikuonyesha makadirio ya bei ya Japani huku mitambo ya meli ikigandisha nyuzi 20 chini ya sifuri tu, basi makadirio hayo yote yatupwe. Kumbuka pia kwamba huyo ndiye samaki ambaye tathmini ya mwaka 2022 ilimkuta amevuliwa kupita kiasi, na ndiye wa kwanza ambaye Tume ilimwekea utaratibu kamili wa kupanga kikomo chake, wenye kuruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 15 tu kila mara. Kwa hiyo makadirio ya mapato yanayopanda kila mwaka kwa mstari ulionyooka hayana msingi.

Halafu waulize mahali pa mwangalizi. Kanuni inataka angalau asilimia 5 ya safari au shughuli za uvuvi ziwe na mwangalizi melini, kiasi ambacho sisi tuliofanya kazi ya takwimu tunakiona kidogo mno. Ninyi mnaweza kudai zaidi, au kamera, kama sharti la kuweka fedha zenu, na gharama yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Mwenye meli akisema mwangalizi atachukua kitanda cha baharia, mwombe mchoro wa vyumba vya kulala. Meli hizo hukaa baharini miezi, na mchoro utakuonyesha pia kama mabaharia kutoka Kwale na Kilifi watakaoajiriwa wamewekewa mahali pa kulala panapofaa binadamu.

Ukipata majibu, yaweke hapa, hasa ile nambari ya meli. Kuna zaidi ya mmoja kati yetu anayejua kuisoma.